Nilipoanza Kuchelewa Kuhesabu: Presha, Picha ya Ubongo na Meza Yangu ya Pesa Busia

Kubadilisha pesa mpakani ni kazi ya wepesi. Mteja anashuka kwenye boda pale Sofia, upande wa Uganda, anataka shilingi za Kenya avuke akachukue mzigo, na sisi wenye maburungutu tumekaa bega kwa bega. Anayetaja jumla kwanza, na ikawa sawa, ndiye anayebaki naye. Nimekaa kwenye meza hiyo tangu wanangu wakiwa shule ya msingi. Sasa nina miaka 62 na wateja wa zamani wananiita Hajati. Miaka mingi kikokotoo changu kilikuwa kinalala kwenye droo. Mtu akisema ana 18,500 za Kenya na siku hiyo tunanunua kwa 27.4, nilizidisha kwa 27 kichwani, nikaongeza ile nukta nne, nikamtajia 506,900 za Uganda kabla hajamaliza kuzitoa pesa kwenye soksi.

Mwaka 2019 Kenya ilitoa noti mpya na kutangaza kwamba noti ya zamani ya 1,000 itakoma mwisho wa Septemba. Watu walimiminika na pesa walizokuwa wamezificha hata na waume zao hawazijui. Nautaja mwaka huo kwa sababu ndio wa mwisho ninaokumbuka nikiwa mwepesi kwa namna ile ya zamani.

Baada ya hapo kuchelewa kulikuja kidogo kidogo. Jibu lilikuwa linakuja, na lilikuwa sahihi, ila lilifika mteja akiwa ameshaanza kutazama meza ya pili. Wakisema wawili kwa pamoja, hesabu ya yule wa kwanza ilikatika. Dereva wa lori akiniuliza bei ya leo huku nahesabu noti, nilirudi kwenye burungutu nikiwa sijui nimefika ngapi, naanza upya. Binti wa kaka yangu, ninayekaa naye mezani, akawa ananimalizia: "Shangazi, laki tano, elfu sita na mia tisa." Yeye alikuwa anasaidia. Mimi nilikuwa nakasirika, na nyumbani nililia.

Nililia kwa sababu ya mama yangu. Miaka yake ya mwisho aliniita kwa jina la dada yake, akawa anataka kurudi nyumbani hali yuko nyumbani. Kila nilipoanza upya kuhesabu nilimwona yeye. Sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Nilipoanza kusema, ushauri haukukosekana: mmoja akasema nimerogwa na wenzangu wa mezani, mwingine akasema uzee tu, nikubali, wa tatu akaniuzia unga wa kuongeza kumbukumbu ulionipa kiungulia.

Kliniki moja ya binafsi mjini ndiyo iliyoniambia nikapige picha ya ubongo Kampala. Hawakunipima presha. Hawakuniuliza ninakunywa dawa gani. Waliandika tu karatasi ya MRI. Nikachukua akiba, nikapanda basi, nikalala kwa ndugu Kisenyi, asubuhi nikaingizwa kwenye lile dude linalogonga kama fundi wa mabati. Ukijumlisha nauli, kumwona daktari na picha yenyewe, nilikaribia milioni moja na nusu, na sina bima yoyote. Nikapewa sidii na ripoti ya Kiingereza, nikaambiwa nimpelekee aliyenituma. Ripoti ilisema kuna madoa meupe madogo kwenye sehemu nyeupe ya ubongo na kwamba ubongo umepungua kidogo kulingana na umri. Aliyenituma aliisoma, akasema "mama, ni uzee," akanipa vitamini.

Hebu fikiri unarudi nyumbani usiku ukijua una madoa kwenye ubongo na hakuna aliyekwambia ni madoa ya nini. Kama kuna jambo moja ninalomwomba anayejiandaa kupiga picha hiyo, ni hili: kabla hujalipa, uliza nani atakaa chini akusomee, na kama gharama yake imo humo.

Mwanangu ndiye aliyenitafutia daktari wa mishipa ya fahamu. Ni wachache nchini na foleni ni ndefu, lakini nilimpata. Kitu cha kwanza alichofanya ni kunifunga kile kitambaa cha presha mkononi. Ikaja 168 kwa 96. Akapima tena mkono wa pili, akangoja, akapima tena. Kipimo ambacho kituo cha afya cha serikali kinafanya bure kilikuwa hakijafanywa na yeyote kati ya wale waliochukua pesa zangu.

Kisha akaniuliza maswali ambayo hakuna aliyeniuliza. Jumla yako inakuja imekosewa, au inakuja imechelewa? Umewahi kupotea njia unayoijua? Ukisahau jina la mtu, linarudi baadaye? Nani analalamika zaidi, wewe au watu wa nyumbani? Swali la mwisho lilinishangaza. Alinieleza kwamba mtu anayeanza ugonjwa wa kusahau mara nyingi haoni shida yake, wanaoiona ni wenzake. Mimi ndiye niliyekuwa nalalamika, na vitabu vyangu vya mwisho wa siku vilikuwa vinafunga sawasawa.

Akanipa karatasi. Juu kulikuwa na tarakimu 1 hadi 9, kila moja na alama yake; chini, safu za tarakimu zisizo na alama. Nijaze nyingi niwezavyo kwa dakika moja na nusu. Jingine lilikuwa namba zilizotawanyika, niziunganishe kwa mstari, 1 kwenda 2 kwenda 3 mpaka 25. Hilo nilienda vizuri. Lililofuata lilichanganya namba na herufi: 1, A, 2, B, 3, C. Hapo nilijisikia nikiwa mezani kwangu wateja wawili wakisema pamoja. Lakini hadithi fupi aliyonisomea mwanzoni, nilipoulizwa mwishoni, niliirudia karibu yote. Akasema kumbukumbu yangu ni nzima kwa umri wangu. Kasi ndiyo imeshuka, na zaidi pale ninapolazimika kuruka kati ya mambo mawili.

Halafu akachukua kalamu akanichorea. Ubongo una sehemu ya kijivu, ambako seli za neva zenyewe hukaa, na sehemu nyeupe, ambayo ni nyuzi ndefu zinazounganisha eneo hili na lile. Hiyo nyeupe ni kama nusu ya ubongo wote. Weupe wake ni mayelini, tabaka la mafuta linaloufunika uzi na kuufanya upitishe ujumbe haraka. Uzi mwembamba usio na mayelini hupitisha ujumbe kwa takriban mita moja kwa sekunde. Nyuzi zenye kasi kuliko zote mwilini, zilizofunikwa vizuri, huzidi mita 100. Sehemu nyeupe huendelea kukua hata baada ya ujana, kisha baadaye huanza kupungua. Nyuzi za upande wa mbele, nyuma ya paji la uso, ambazo zilichelewa kukomaa tukiwa vijana, ndizo hudhoofika mapema, na ndizo tunazozitegemea kushika mambo mawili pamoja.

Madoa je? Yanatoka hasa kwenye mishipa midogo ya damu inayoilisha sehemu hiyo nyeupe. Presha ikikaa juu kwa miaka, kuta za mishipa hiyo hunenepa na kukakamaa, damu inayofika kwenye nyuzi inapungua, na pale palipokosa huonekana peupe kwenye picha. Watu wengi waliopita miaka 60 wanayo kidogo hata kama ni wazima. Yangu yalikuwa machache. Asilolipenda daktari ni presha iliyokuwa inayaongeza kimyakimya.

Nilimwuliza kama picha ile inaweza kuonyesha nimepoteza kasi kiasi gani. Akacheka. Alisema uhusiano wa nyuzi na kasi ni wa kweli, lakini unaonekana ukiwaweka pamoja watu mamia. Mtu mmoja ana madoa mengi na bado anakimbia, mwingine ana picha safi na anachechemea. Karatasi ile ya dakika moja na nusu ilimwambia mengi kuhusu kasi yangu kuliko sidii ya laki kadhaa.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma, kwanza kwa hofu, sasa kwa kupenda. Utafiti ulionishika ni wa Uskoti. Mwezi Juni 1947 watoto karibu 70,000 waliozaliwa mwaka 1936 walifanyiwa mtihani mmoja wa akili shuleni wakiwa na miaka 11. Walipofika miaka 70 hivi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh wakiongozwa na Ian Deary waliwatafuta waliokuwa wakiishi eneo hilo, wakapata zaidi ya 1,000, wakawapima upya, na baada ya miaka michache wakawapiga picha za MRI mamia kadhaa. Wale ambao nyuzi zao zilikuwa na hali nzuri kwa jumla, kwa kichwa kizima, walielekea kuwa wepesi zaidi. Na alama za utotoni zilieleza karibu nusu ya tofauti za akili zao uzeeni, maana yake wengine hata hawakushuka: walikuwa hivyo tangu mwanzo. Ndiyo sababu daktari hakunifananisha na binti wa kaka yangu. Aliniuliza mimi wa zamani nilikuwaje.

Jingine ni la mwanasaikolojia wa Marekani, Timothy Salthouse, aliyeandika mwaka 1996 kwamba mtu akiwa mzito wa kufikiri, matokeo ya hatua ya kwanza huwa yamefifia hatua ya pili inapomalizika. Niliposoma hilo nilisimama. Ndiyo hesabu yangu inayokatika! Nilidhani nasahau. Kumbe ile 499,500 ya kuzidisha kwa 27 ilikuwa inatoweka wakati bado natafuta 7,400 ya nukta nne. Nikiiandika, haitoweki. Nitarudi hapo.

Na la tatu lilinifurahisha kidogo. Watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, mwaka 2022 walichambua majibu ya watu zaidi ya milioni moja, wakaona kwamba kasi yenyewe ya kufikiri hudumu mpaka karibu miaka 60. Watu wanaanza kujibu polepole mapema zaidi ya hapo kwa sababu wanakuwa waangalifu, hawataki kukosea, na mikono nayo inapunguza mwendo. Basi sehemu ya uzito wangu ni zile noti bandia nilizowahi kupewa. Siku hizi napapasa kila noti ya elfu hamsini, naiinua kwenye mwanga. Kijana wa meza ya pili hapapasi, na siku moja atajua.

Kabla ya yote hayo daktari alitafuta vitu vinavyoweza kumfanya mtu yeyote awe mzito na vinavyotibika. Hapa ndipo ningekuwa nimeanzia, na ni rahisi kuliko picha. Alinituma kupima damu kama imepungua, sukari, tezi ya shingo na vitamini B12. Aliuliza kuhusu usingizi, kukoroma na huzuni, maana huzuni nayo humfanya mtu mzito. Akaniambia nimwage mezani dawa zote ninazotumia. Kwa sababu ya vumbi la malori nilikuwa nameza Piriton kila usiku, miaka na miaka. Inazuia kupiga chafya na inaleta usingizi, nikaona nafuu mara mbili. Akaiondoa siku hiyohiyo, akasema dawa za kundi hilo hulemaza kichwa cha mtu mzima hata mchana, na nyingine zinazofanya hivyo ni Valium na amitriptilini ambazo watu wa rika langu hupewa kwa ajili ya usingizi na maumivu. Nikaandikiwa loratadini. Usiache mwenyewe Valium uliyoizoea kwa miaka. Inapunguzwa taratibu, na daktari akijua.

Tena masikio. Sikio la kushoto lilikuwa limejaa nta mpaka ndani, likaoshwa kwa pesa ndogo. La kulia limepungua kweli, na mashine ya masikio bei yake sijaiweza bado. Kumbe nilikuwa natumia nguvu nyingi kuelewa mteja amesema 18 au 80 katikati ya honi, na nguvu hiyo ndiyo ilikuwa inakosekana kwenye hesabu. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2024 iliorodhesha mambo 14 ambayo, kama yote yangeondolewa, karibu asilimia 45 ya visa vya demensia, yaani ugonjwa wa kusahau, duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Presha imo, masikio yamo, macho yamo. Mtu wa Busia anaweza kuanza na hayo matatu bila kufika Kampala.

Presha ndiyo iliyonisumbua zaidi. Wiki za kwanza za amlodipini, dawa ya kushusha presha, miguu ilivimba, nikiinuka haraka nasikia kizunguzungu. Niliwaza kuacha, kama wengi wanavyoacha wakishajisikia wazima. Kituo cha afya hutoa bure, lakini kuna miezi unaambiwa zimeisha, uende famasi. Sasa naweka akiba ya dawa ya mwezi mmoja mbele, na siku ya kliniki meza inabaki na binti. Daktari alibadilisha dozi, uvimbe ukapungua. Kilichonipa moyo ni utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2019, wa watu zaidi ya 9,000 wenye presha, wa miaka 50 kwenda juu. Nusu walilengwa kushushwa namba ya juu ya presha chini ya 120 na nusu chini ya 140. Walioshushwa zaidi walipata upungufu mdogo wa akili kwa nadra kuliko wenzao, na madoa meupe yaliongezeka polepole zaidi. Kwa demensia yenyewe tofauti haikutosha kuthibitika, na hilo lazima lisemwe. Wala usikimbilie 120 peke yako kwa kuongeza vidonge. Aliyeanguka bafuni akavunjika nyonga hakushinda chochote.

Mezani nilibadilisha utaratibu wote. Mteja mmoja kwa wakati mmoja. Wa pili namwambia "baba, ngoja kidogo, nitakuhudumia," na wengi wanangoja. Kiasi cha mteja kinaandikwa kwanza kwenye daftari, ndipo hesabu ianze. Redio imezimwa. Pesa nyingi napokea asubuhi. Mchana, joto likishanichosha, binti ndiye anayehesabu na mimi naangalia noti. Kikokotoo kimetoka kwenye droo. Siku za mwanzo niliona haya mbele ya wenzangu, mmoja akanitania kwamba Hajati ameishiwa betri. Nimepoteza wateja wa haraka, sikatai, na kipato kimeshuka kiasi. Wafanyabiashara wenye pesa nyingi hawakuondoka. Hao hawana haja ya sekunde tano, wana haja ya jumla iliyo sawa.

Natembea pia, asubuhi kabla ya jua kali, mpaka nitoke jasho. Nafanya hivyo zaidi kwa ajili ya presha. Programu za simu za kunoa ubongo nilizijaribu kupitia mjukuu. Kinachojulikana ni kwamba ukifanya zoezi la kasi unakuwa mwepesi kwenye zoezi lile na yanayofanana nalo. Mimi zoezi langu la kubadilisha pesa lipo, na linanilipa.

Kuna kuchelewa ambako hakuna cha kungoja. Kichwa kikiwa kizito ghafla, kwa saa au siku, mdomo ukaenda upande, mkono ukalegea au maneno yakachanganyika, hiyo ni hospitali saa hiyohiyo, kwa boda au kwa gari la jirani. Na kama ni taratibu lakini mtu anapotea njia ya kila siku, jumla zinakuja zimekosewa naye anabisha, anauliza swali lilelile mara kwa mara, ameacha kujua kupika alichopika maisha yote, mpelekeni akapimwe. Mtu wa nyumbani aende naye na aseme aliyoyaona, hata kama mzee atakasirika ndani ya chumba cha daktari. Mama yangu hatukumpeleka. Tulisema ni uzee.

Daktari anataka kunipa tena ile karatasi ya alama mwaka ujao, ailinganishe na ya kwanza. Binti wa kaka yangu, kwa upendo wake, ameshanitafutia kwenye simu inayofanana nayo, anataka nifanye mazoezi kila jioni nikamshinde daktari. Nimemkatalia. Ukishazizoea alama zile, karatasi inakusifu bure na daktari hajui tena anapima nini.